Kisomeo Namba 4: Namna Tulivyotafuta Kosa la Mwanga Unaocheza

Mhariri wa gazeti letu aliniomba mwanzoni mwa muhula huu nieleze kwa maandishi habari za kisomeo namba 4 cha maktaba, ambacho mwanga wake ulikuwa ukicheza, na jinsi kosa lake lilivyopatikana. Nilisita kidogo kukubali, kwa sababu katika habari hizo mimi mwenyewe, niliye mkutubi mwanafunzi, simo upande wa heshima. Lakini kwa kuwa vifaa vya namna hii vinazidi kuingia mashuleni, na kwa kuwa wengi wetu tukiona kifaa kinafanya vituko hukipiga kofi au humtafuta mtu wa kumlaumu, nimeona nieleze yote kama yalivyokuwa.

Kwanza nawaeleza ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza ambao hawajapata kukishika. Kisomeo ni mashine nyembamba, ukubwa wake kama daftari dogo, nayo huweka ndani yake mamia ya vitabu. Si simu wala si kishikwambi, ingawa ukikitazama kwa mbali utadhani ni ndugu zao. Skrini ya simu hutoa mwanga wake yenyewe, kama taa inayokutazama usoni. Skrini ya kisomeo haitoi mwanga wowote. Ndani yake mna vidonge vidogo mno, upana wa kila kimoja ni kama wa unywele wa mtu, na katika kila kidonge zinaelea chembe nyeupe na chembe nyeusi. Chembe za rangi moja zina chaji chanya, na za rangi ya pili zina chaji hasi. Umeme ukielekezwa upande huu, nyeupe huja juu. Ukigeuzwa, nyeupe huzama na nyeusi huja juu. Hivyo ndivyo herufi zinavyoandikwa, na zikisha kuandikwa hukaa pale pale bila kula umeme, mpaka ufungue ukurasa mwingine. Wino huu ulibuniwa na watu wa chuo cha MIT huko Marekani, na kampuni ya kuutengeneza ikaundwa mwaka 1997.

Basi ikiwa skrini haina mwanga, usiku tunasomaje? Zamani visomeo havikuwa na taa kabisa. Ilikuwa mwaka 2012 ndipo makampuni kadhaa yalipoanza kuuza vyenye taa kwa wingi. Vitaa vya ledi, vidogo kuliko punje ya mtama, vimepangwa kwenye ukingo mmoja wa skrini, na juu ya skrini limelazwa tabaka jembamba la plastiki angavu. Mwanga huingia ubavuni mwa plastiki hiyo, husafiri ndani yake, hushuka juu ya herufi, kisha hurudi machoni petu. Kwa hiyo katika kisomeo wino ni kitu kimoja na taa ni kitu kingine. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana mtu asiyelijua atahangaika bure.

Maktaba yetu ina visomeo 6, na kila kimoja kina namba yake, chaja yake na waya wake. Wa Kidato cha Nne tunavitegemea sana wakati wa prepu, kwa sababu vitabu vya karatasi havitoshi, na mtihani wa Taifa hausubiri mtu. Sasa Jumamosi moja ya masika mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye kwao ni Mgeta, aliazima namba 4. Kanuni ya maktaba inakataza kisomeo kutoka nje ya uwanja wa shule. Yeye akakitia ndani ya mfuko wake, akapanda nacho mlimani pamoja na wenzake, kwa njia ile ya kwenda kwenye nyumba ya zamani ya Morningside. Kila aliyekaa Morogoro anajua hali ya Uluguru katika mwezi wa Aprili: mjini kuna jua, lakini ukipanda kidogo ukungu unakufunika, na manyunyu hayaishi. Alirudi jioni amelowa, akakaa na kisomeo usiku, na Jumapili akakirudisha hakina chaji hata kidogo.

Jumatatu saa 2 usiku nilikichomeka kwenye umeme, nikamkabidhi mwanafunzi wa darasa letu akisome hapo hapo mezani. Haukupita muda akaniita. Mwanga ulikuwa unacheza. Ulififia, ukarudi, ukatulia kama dakika moja, kisha ukapepesa mara tatu nne kama kibatari kilicho karibu kuzimika. Nilifungua daftari la vifaa, nikaandika: “Namba 4. Taa inacheza. Kimeharibiwa mlimani,” nikaweka na jina la yule mdogo wetu. Kifaa kikiharibiwa kwa uzembe, mzazi hupelekewa barua na bei. Baba yake ni mkulima wa kabichi, na bei ya kisomeo ni magunia mengi ya kabichi hata mtu akipata soko zuri mjini.

Nilipompelekea mwalimu wetu wa fizikia daftari alilitazama kwa muda, kisha akauliza, “Jina la mtu nimeliona. Je, kosa la kifaa liko wapi?” Nikajibu kwamba ni maji. Akasema, “Hayo ni mawazo yako. Nenda ukakiulize chenyewe. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike kila unachokiona.” Nikaondoka nikidhani kwamba ananipotezea muda.

Swali la kwanza ni hili: kinachocheza ni wino au ni taa? Yako mambo ya wino ambayo si kosa. Ukifungua ukurasa, mara nyingine skrini nzima huwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua. Hapo chembe zinasukumwa zote ili zisiache kivuli cha herufi zilizopita. Wapo waliokwisha kuniletea kisomeo mbio mbio kwa sababu hiyo. Ili kutenganisha mambo haya mawili, nilikwenda nacho uwanjani mchana, nikazima taa yake kabisa. Herufi zilikaa kimya kama zimechapwa kwenye karatasi. Basi wino ni mzima, na kosa liko upande wa taa au upande wa umeme unaoilisha taa.

Jaribio hili lilinipa pia habari za kioo. Si sisi wa kwanza kupata taabu na vifaa hivi. Shirika la Worldreader, ambalo mwaka 2010 lilianza kupeleka visomeo katika shule za Ghana, na baadaye Kenya na nchi nyingine, liliona mapema kwamba vingi vinavunjika kioo mikononi mwa wanafunzi. Lakini kioo kikivunjika dalili yake ni nyingine: utaona mistari, au sehemu ya ukurasa imeganda na haibadiliki tena. Kuvunjika kwa kioo peke yake hakuchezeshi taa. Namba 4 hakikuwa na mstari hata mmoja.

Swali la pili ni la programu, nalo halichukui muda. Kisomeo ni kompyuta ndogo, na kompyuta huweza kuchanganyikiwa. Unashika kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika hivi, au zaidi kwa baadhi ya aina, kisha unaachia mpaka kiwake upya. Nilifanya hivyo, haikusaidia. Tena vipo visomeo vyenye jicho dogo la kupima mwanga wa chumba, navyo hupandisha na kushusha taa vyenyewe kila mkono wako unapopita juu ya jicho hilo. Hivi vyetu havina.

Swali la tatu, maji. Hapa nilijiamini kuliko mahali pote. Nilikwenda jikoni nikaomba mchele, kwa kuwa kila mtu husema kifaa kilicholowa kifukiwe katika mchele. Mpishi wetu alicheka sana, akauliza kama nitaleta na nazi. Kisomeo kilikaa humo siku 3. Kusema kweli mchele hausaidii kitu zaidi ya kukaa katika hewa kavu yenye upepo, na vumbi lake laweza kuingia kwenye tundu la chaji. Faida yake kubwa ni kwamba humzuia mtu asikiwashe kifaa kikiwa bado na maji. Nilipokitoa nilikimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Maji yakiwa yameingia chini ya plastiki, huonekana kama ukungu au kama doa lenye ukingo. Sikuona kitu. Nikakichomeka kipate chaji, nikawasha taa. Mwanga ukacheza kama kwanza.

Nikaja kwenye swali la nne, na hapa ndipo nilipokosea vibaya. Kifaa kilichoanguka huweza kulegea ndani. Vitaa vya ledi hupata umeme kwa njia ya utepe mwembamba wenye nyuzi za shaba, na utepe huo umechomekwa kwenye bati la saketi. Ukilegea, mwanga hucheza kila kifaa kinapopindwa au kubonyezwa pembeni. Kwa hiyo unakishika kwa mikono miwili, unabonyeza pole pole kona moja moja, kisha unakipinda kidogo sana, kama mtu anayepima ugumu wa mkate. Nilipofanya hivyo mwanga ulicheza pale pale. Nikarudia, ukacheza tena. Nilimwita yule mdogo wetu nikamwuliza kama alikiangusha, naye hakuficha. Alisema, “Kaka, kiliteleza mara moja kikaangukia mfuko wangu, tulipoketi kupumzika.” Nikaona kesi imekwisha. Niliandika daftarini: “Utepe umelegea. Alikiangusha. Amekiri.”

Msomaji mwerevu huenda amekwisha kuona nililolisahau. Mimi sikuliona kwa siku 4 nyingine, na katika siku hizo mdogo wetu hakutia mguu maktaba.

Siku ya tano umeme ulikatika wakati wa prepu. Mkoa wetu ndio wenye bwawa la Kidatu, ambalo mitambo yake ilianza kutoa umeme mwaka 1975, lakini kukaa karibu na mto si kukosa kiu. Maktaba nzima ikawa giza. Hata mlima hatukuuona dirishani. Wenzangu walianza kupiga kelele za furaha kama kawaida, na katika giza lile nikaona kitu kimoja tu kinachowaka mezani: namba 4. Kilikuwa kimechomekwa kwenye umeme usiokuwapo, yaani kilikuwa kinatumia betri yake peke yake, nacho hakikucheza. Nilikaa nikikitazama. Dakika 5, dakika 10. Mwanga umetulia kama maji ya mtungi. Nikachomoa waya, nikakishika kwa mikono miwili, nikabonyeza kona zote nne, nikakipinda. Hakikupepesa hata mara moja.

Ndipo nilipofahamu. Majaribio yangu yote ya taa niliyafanya kisomeo kikiwa kimechomekwa, kwa sababu kilirudi kutoka mlimani hakina chaji. Nilipokipinda ili kujua kama utepe umelegea, nilikuwa ninautikisa pia waya wa chaja uliokuwa unaning'inia mwishoni mwake. Nilibadilisha vitu viwili kwa mara moja, nikamhukumu mtu kwa kimoja.

Kesho yake umeme uliporudi, kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Wenzangu wengine walisema kosa ni la umeme wenyewe, kwamba nguvu yake inapanda na kushuka. Neno hili si la upuuzi. Umeme wa ukutani ni wa volti 230, na chaja huubadilisha kuwa volti 5 tu. Nguvu ya ukutani ikiyumba sana, au chaja ikiwa dhaifu, kifaa huweza kuonyesha. Lakini umeme ukiyumba kiasi hicho, na taa za darini zingefifia kwa wakati ule ule. Nilimweka mwenzangu mmoja atazame taa ya dari nami nitazame kisomeo. Changu kilicheza mara 7. Ya kwake ilitulia.

Baadaye nilibadilisha soketi peke yake: kikacheza. Nikabadilisha chaja peke yake, nikaacha waya: kikacheza. Nikarudisha chaja ya kwanza nikaweka waya wa namba 2: kikatulia. Na kwa kutaka kuhakikisha nilichukua waya wa namba 4 nikauchomeka katika kisomeo namba 2, ambacho hakijapata kulalamikiwa na mtu yeyote. Nacho kikacheza! Nilipoushika waya pale shingoni, karibu na kichwa chake, na kuupinda kidogo, ile alama ndogo ya radi inayoonyesha kuwa betri inachajiwa ilikuja na kupotea, ikaja na kupotea.

Ndani ya waya wa chaja mna nyuzi nyembamba za shaba. Ukiupinda waya mahali pamoja kila siku, nyuzi hukatika moja moja, na ganda la nje hubaki zima, hivyo kwa macho huwezi kujua. Zinabaki ncha zinazogusana na kuachana. Zikigusana, kifaa hunywa umeme wa chaja. Zikiachana, hurudi kwenye betri. Na betri ikiwa karibu tupu, kule kuhama huku na huku huonekana katika taa. Hata ule upungufu wa chaji wa namba 4, ambao tulizoea kusema ni uzee wa betri, ulitokana na waya huo huo: ulikuwa unalisha kwa kijiko, siku nyingine hata kijiko hapana.

Na nani aliyeupinda waya mahali pamoja kila siku? Kila usiku mkutubi hukusanya nyaya na kuzizungushia chaja zake, kwa kukaza, ili sanduku lifunge vizuri. Mkutubi ni mimi. Nilipozikagua nyingine niliona namba 1 na namba 5 nazo zimeanza kuchubuka shingoni. Siku hizi tunazikunja kwa duara pana, kama fundi anavyokunja kamba, na kuzifunga kwa uzi. Sanduku halifungi vizuri.

Kabla sijamaliza, kuna kucheza kwa aina nyingine ambako huenda ukakuona nawe ukashtuka. Baada ya kubadilisha waya, mwenzangu mmoja mwenye macho mepesi alisema kwamba bado anaona kitu taa ikipunguzwa sana. Hakukosea. Katika vifaa vingi taa haipunguzwi kwa kupewa umeme mdogo. Huwashwa na kuzimwa mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na kadiri muda wa kuzimwa unavyokuwa mrefu ndivyo jicho linavyoona giza. Ili kulijua hilo, kaa gizani, shika penseli mbele ya skrini na uipunge haraka. Ukiona kivuli kimoja kilichofifia, taa inawaka bila kukatika. Ukiona penseli nyingi zimepangwa kama meno ya kitana, taa inawashwa na kuzimwa. Mwalimu alipoitazama namba 4 kwa kamera ya simu yake, mistari myeusi ilikuwa inapita juu ya skrini. Si ugonjwa, ndivyo ilivyoundwa. Anayeumwa kichwa apandishe mwanga, au azime taa ya kisomeo na asome kwa taa ya chumba. Lakini jaribio la penseli lisifanywe chini ya taa za tyubu za kizamani kama zile za bweni la pili. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na tyubu ya aina ile hupepesa mara 100. Utahesabu penseli za tyubu ukidhani ni za kisomeo. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza.

Jambo jingine moja, nalo ni la hatari: ukiona mgongo wa kisomeo umevimba, au kinapata moto mkali kikiwa kwenye chaji, acha maswali yote. Kichomoe, usikibonyeze, usikitoboe, mpelekee mwalimu.

Ama daftari la vifaa, nilikata mistari yangu miwili mbele ya mwalimu, nikaandika chini yake: “Waya umekatika shingoni. Umekunjwa vibaya na mkutubi.” Barua ya kwenda Mgeta haikuandikwa. Kwa kosa la kukitoa kisomeo nje ya shule mdogo wetu alipewa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya maktaba kwa wiki moja, na hakunung'unika. Nilimfuata huko siku ya pili, nikamweleza habari ya waya na kumwomba radhi. Aliweka fyekeo chini, akafuta jasho. Akauliza, “Kaka, namba 4 sasa kiko na nani? Nilikuwa nimebakiza sura mbili.”